Mto Ulipimwa Kiangazi

Kabla ya daraja palikuwa na pantoni,
na kabla ya pantoni palikuwa na kusubiri.
Ng'ombe walisubiri, barua zilisubiri,
maiti wa ng'ambo waliisubiri ardhi yao
hadi Mto Quilmahue ushuke, utulie, uridhie.

Daraja la kwanza lilikuwa la mbao.
Onofre Barrientos, fundi wa maghala ya ngano,
aliupima mto wakati wa kiangazi.
Sina kosa jingine la kumwongezea:
aliupima wakati wa kiangazi.
Mwaka wa tatu, Julai, mwezi wetu wa mvua,
magogo yalishuka kutoka milimani, yakakwama nguzoni,
yakashonana, yakawa ukuta;
na maji, yaliponyimwa njia,
yakauzoa ukuta na daraja kwa mkupuo mmoja.
Waliookota mbao walijengea mabanda ya nguruwe.

Likaja la chuma.
Lilikuja kwa meli kutoka Ubelgiji,
vipande elfu mbili mia sita na kumi,
kila kimoja na namba yake kwa rangi nyeupe,
kama watoto wa bweni waliotumwa mbali na vyeti vifuani.
Kreti moja ilipotea bandarini.
Hadi leo upande wa kusini una mishazari minne
iliyofuliwa hapa hapa na mhunzi wa reli:
minene kidogo, yenye haya kidogo.

Mhandisi Verhulst alitaka nguzo zisimame juu ya mwamba.
Akazamisha sanduku la chuma lisilo na sakafu,
likasukumiwa hewa ili maji yatoke,
na watu wakaingia kuchimba changarawe,
mita tisa chini ya mto, masikio yakiuma,
sauti zao zimekuwa nyembamba kama za vitoto.
Waliopanda juu haraka walijikunja viungo.
Lisandro Huenupi hakukunjuka tena.
Daftari linasema: saruji, mapipa mia tisa;
hewa, siku sitini na mbili.
Huenupi hayumo.

Na mwamba hawakuufikia.
Fedha ziliisha kwenye mita ya kumi na moja,
basi kwenye ripoti changarawe ngumu ikaitwa mwamba,
na neno hilo
likabeba daraja miaka hamsini na tatu.

Ardhi ilipotetemeka, chuma kiliruka kutoka vitakoni,
kikatua sentimita kumi na nane kando ya kilipokuwa.
Hakikuanguka. Walikirudisha kwa jeki,
robo zamu, pumzika, robo zamu.
Baba yangu, Eleuterio, alikuwa mshika taa.
Ribiti zilizokatika walitia bolti,
maana wale waliojua kurusha ribiti nyekundu
na kuidaka kwa ndoo ikiwa bado inacheka moto
walikuwa wamekwisha.

Mimi nimelikagua miaka ishirini na sita, kwa nyundo ndogo.
Ribiti nzima hujibu mara moja.
Iliyolegea huchelewa, kama mtu aliyeulizwa deni.
Lakini ugonjwa haukuwa juu, kwenye kutu ninayoiona.
Mzamiaji alitoka maji akionyesha kwa mikono:
chini ya nguzo ya pili, shimo
la kulaza ndama.
Mto ulikuwa ukisoma ile ripoti, punje kwa punje.

Sasa la zege linasimama mita arobaini juu ya mkondo,
misingi imetobolewa hadi mwamba wenyewe,
mwamba wa kweli, nimeushika: walinipa kipande,
kinazuia mlango wa jikoni.
Lina vipimio vinavyopeleka namba Santiago usiku kucha.

Kijana mhandisi, Facundo Oyarce, mpole, mwenye viatu safi,
nilimuuliza mto waliupima mwezi gani.
Akanionyesha majedwali: miezi yote, miaka arobaini.
Vizuri, nikamwambia. Vizuri sana.
Kisha tukasimama wote wawili tukitazama juu, milimani,
ambako mwaka huu theluji haikuanguka,
na kilima kilichokatwa miti kilikuwa kimelowa,
cheusi, kizito,
na yeye akayafunga majedwali yake polepole
bila mimi kusema kitu.